Trekta la bure, hasara ya nani?

Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tunaishi katika nyumba za kupanga hapa jijini, lakini ifikapo mwezi wa Machi mioyo yetu hugawanyika vipande viwili. Kipande kimoja hubaki hapa kikiwaza kodi ya nyumba na karo. Kingine hupanda matatu hadi nyumbani mashambani kutazama kama mawingu yametanda, na kama shamba limelimwa.

Zipo familia za mjini ambazo zimejikakamua zikanunua trekta. Mmoja alichukua mkopo wa chama cha ushirika, mwingine alitumia kiinua mgongo chake, na ndugu wengine walichanga. Trekta hilo hupelekwa Uasin Gishu, Trans Nzoia, Nakuru au Narok, likawa mikononi mwa baba au kaka aliyebaki nyumbani. Kazi yake ya kwanza ni shamba la familia. Kazi yake ya pili haiandikwi popote, nayo ni kumsaidia jirani.

Mjane wa ng'ambo ya kijito hubisha hodi alfajiri na kusema, "Mwanangu, nilimie hicho kipande kabla mvua haijanipita." Nani atakayekuwa na moyo wa kumkatalia? Kesho yake mwalimu mkuu anaomba uwanja wa shule usawazishwe. Kesho kutwa kanisa linataka mawe ya ujenzi yaletwe kwa trela. Na kukitokea msiba, trela hilo hilo ndilo basi la kijiji.

Hizi ndizo mila zetu. Wakikuyu wana ngwatio, Wakamba wana mwethya, na Wajaluo wana saga. Taifa lenyewe lilipopata uhuru mwaka 1963 lilishika mwito wa Harambee. Kwa hiyo safu ya leo haiji kukukataza kusaidia. Inakuja na swali moja ambalo watu hulikwepa mpaka siku ya machozi: trekta lako likimdhuru mtu au kuharibu mali katika shamba la mwenzako, wakati unafanya kazi ya kujitolea, nani atalipa?

Bure haiondoi lawama

Wengi hujibu upesi, "Mimi sikulipwa hata senti moja, kwa hivyo siwezi kushtakiwa." Hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Sheria inayotumika katika mahakama zetu haiulizi kwanza kama ulilipwa. Inauliza kama ulikuwa mwangalifu.

Hebu tutazame kesi moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria huisoma. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley nchini Scotland, mwanamke mmoja aliingia mkahawani na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyelipa. Mwanamke huyo alinywa soda ya tangawizi kutoka katika chupa isiyopenya mwanga, na baadaye akadai kwamba ndani yake mlikuwa na konokono aliyeoza, naye akaugua. Yeye hakuwa amenunua kitu wala hakuwa na mkataba na mwenye kiwanda. Hata hivyo, mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mwenye kiwanda aliweza kuwajibika kwake. Jaji Atkin alisimamisha hoja yake juu ya swali la kale: jirani yangu ni nani? Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba jirani yako kisheria ni yule ambaye ungepaswa kumfikiria kabla ya kutenda, kwa kuwa kitendo chako kinaweza kumdhuru.

Msingi huo ndio unaotumika katika mahakama zetu hadi leo, na kupitia kwao unafika katika shamba la yule mjane. Kati yako na yeye hapakupita pesa, lakini ulijua kwamba kuna nyumba, watoto, ng'ombe na bomba la maji karibu na pale ulipopitisha plau. Ukizembea, sheria haitasamehe kwa sababu ulikuwa mkarimu. Wajibu huo wa kulipia madhara uliyomletea mwingine ndio unaoitwa dhima, na bima inayoubeba ni bima ya dhima.

Wewe wa mjini usidhani uko mbali. Sheria ya Trafiki humchukulia mtu ambaye jina lake limeandikwa katika daftari la usajili kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na tangu mwaka 1969 mahakama za Afrika Mashariki zimeshikilia kwamba gari likisababisha madhara kwa uzembe, itadhaniwa kuwa aliyekuwa usukani ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake, mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Kwa hivyo kaka yako anaweza kuwa usukani kule Moiben, na barua ya wakili ikakufikia wewe Umoja ukinywa chai.

Bima ya lazima inaishia wapi?

"Lakini trekta langu lina bima," utaniambia. Vyema. Sasa itoe hiyo hati kabatini tuisome pamoja.

Bima ambayo sheria inalazimisha kila gari kuwa nayo imetajwa katika Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Ndiyo ile watu huiita bima ya mtu wa tatu. Inafaa uelewe mipaka yake minne, maana kazi nyingi za kujitolea hufanyika nje ya mipaka hiyo.

Mpaka wa kwanza ni barabara. Sheria hiyo inahusu gari linapotumiwa barabarani, yaani mahali ambapo umma unaruhusiwa kupita. Shamba la mahindi la jirani si barabara, na hata boma lake si barabara. Safari ya kwenda huko inalindwa na sheria, lakini ukishavuka lango lake, kulindwa kwako kunategemea maneno ya mkataba uliotia sahihi.

Mpaka wa pili ni aina ya hasara. Kinachotakiwa kwa lazima ni fidia ya kifo au majeraha ya mwili. Mali haimo. Ukiangusha ghala, ukikata bomba la maji la kijiji kizima, ukibomoa ua wa seng'enge au ukimkanyaga ng'ombe wa gredi, bima ya lazima haina neno. Mikataba mingine huongeza ulinzi wa mali, mingine haiongezi.

Mpaka wa tatu ni kiasi. Tangu marekebisho ya mwaka 2006, kiwango ambacho bima ya lazima inatakiwa kulipa kwa mdai mmoja hakizidi shilingi milioni 3. Mahakama ikiamua zaidi ya hapo, kinachobaki ni chako. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo akiwa kijana anaweza kuhitaji matunzo ya miaka mingi, na hati ya shamba la baba ndiyo mali ya kwanza itakayotazamwa.

Mpaka wa nne ndio unaonitia hofu zaidi, nao ni abiria. Sheria hailazimishi bima hiyo kuwalinda watu waliopanda gari, wanaolipanda au wanaoteremka, isipokuwa kama ni gari la kubeba abiria kwa malipo, au waliopanda wamo humo kwa sababu ya kazi waliyoajiriwa. Sasa fikiria trela lililojaa wanakwaya wakielekea mazishini. Fikiria watoto watatu walioketi juu ya madigadi wakishangilia. Hao ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote, na hao ndio ambao bima ya lazima imewaacha nje.

Neno "mafuta" linavyoweza kukuponza

Tuendelee kuisoma hati. Tafuta sehemu inayoeleza matumizi ya trekta. Mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba litatumiwa kwa shughuli za kilimo za mwenyewe, na kwamba halitatumiwa kwa kukodishwa au kwa malipo.

Hapo jirani mwema huponzwa na jambo dogo. Yule mjane, kwa heshima zake, anasema, "Basi angalau mimi nitatia mafuta." Anampa dereva noti mbili tatu za dizeli na kuku mmoja. Kwako wewe hayo ni shukrani. Kwa afisa wa bima anayechunguza ajali, noti hizo zinaweza kuitwa malipo, na kazi yako ikaitwa biashara ya kukodisha. Mkishafika hapo mmeingia katika mabishano ya mawakili, na mgonjwa bado yuko kitandani.

Dawa yake si kumkataa mjane wala kuku wake. Dawa ni kuiuliza kampuni mapema, kwa barua: "Nikilima shamba la jirani bila malipo, lakini yeye akatoa mafuta, je, ulinzi wangu unaendelea?" Wakijibu ndiyo, waombe waandike jibu hilo liwe sehemu ya mkataba. Neno la wakala kwa simu halitakusaidia mahakamani.

Tazama pia kifungu cha dereva. Je, kaka yako ana leseni inayomruhusu kuendesha trekta, au ana ile ya gari dogo tu? Na yule kijana wa jirani anayeshika usukani wakati kaka anakunywa uji? Yapo masharti ambayo ukiyavunja, kampuni italazimika kumlipa aliyeumia, halafu itakugeukia wewe ikidai irudishiwe pesa zake.

Aliyejitolea naye ni mtu

Mpaka sasa tumezungumzia watu wengine. Vipi huyo anayefanya kazi?

Kama dereva ni mwajiriwa wako na ameumia kazini, kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake. Mfanyakazi akifa kazini, jamaa wanaomtegemea hulipwa kiasi kinacholingana na mapato yake ya miezi 96. Lakini kijana aliyekuja kwa hiari kufunga plau au kuondoa mawe si mwajiriwa wa mtu. Hana mshahara wa kuhesabiwa wala mwajiri wa kudaiwa chini ya sheria hiyo. Akipoteza mkono, familia yake ina njia mbili tu: kunyamaza, au kukushtaki wewe kwa uzembe. Kwa jambo hili kuna bima ya ajali za mtu binafsi, ambayo humlipa aliyeumia bila kutafuta nani mkosa. Kanisa, shule au kikundi kinaweza kuwanunulia watu wake kwa pamoja.

Na si kwamba ajali hizi ni za kubuni. Ule mtaimbo unaozunguka nyuma ya trekta kuendesha mashine, kwa kipimo cha kawaida cha mizunguko 540 kwa dakika, huzunguka mara 9 kwa kila sekunde. Ukinasa upindo wa leso au mkono wa koti, hutapata hata nafasi ya kupiga kelele. Trekta nalo hupinduka upesi likiwa mtelemkoni au likivuta kisiki. Sweden iliagiza kwamba matrekta mapya kuanzia mwaka 1959 yawe na fremu imara ya kumkinga dereva, na vifo vya kupinduka vikapungua sana huko. Trekta lako lina fremu hiyo, au uliikata ili lipite chini ya miti ya parachichi?

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, likizo ya Aprili huangukia wakati wa kulima. Madigadi si kiti. Hata dereva akiwa mjomba wako, hata mwendo ukiwa wa kobe, usipande.

Mwenye shamba naye ana wajibu wake

Usifikiri mzigo wote ni wa mwenye trekta. Iko Sheria ya Dhima ya Wakaaji, Sura ya 34, inayomtaka mwenye kushika mahali awe mwangalifu kwa wageni wanaoingia kwa ruhusa yake. Sheria hiyo inamkumbusha kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Shule inayoomba uwanja usawazishwe siku ya masomo, huku wanafunzi wakicheza kando, haitaweza kusema hayo yalikuwa ya dereva peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kazi, mwenye shamba akuonyeshe kisima cha zamani, shimo la choo lililofunikwa, bomba la maji, nyaya na mawe ya mpaka. Hayo ya mpaka uyatilie maanani. Ukionyeshwa mpaka usio sahihi ukalima futi kumi ndani ya shamba la mtu wa tatu, umeingia katika ardhi yake bila ruhusa, na kusema kwamba ulikosea kwa nia njema si kinga. Kwetu watu wameacha kusalimiana miaka ishirini kwa ajili ya mpaka mmoja.

Wengine huuliza kama si afadhali kumtilisha jirani sahihi kwamba hatashtaki. Karatasi hiyo ina faida ndogo. Huenda ikaonyesha kwamba mlielewana, lakini haiwezi kumfunga mpita njia, wala mtoto wa nyumba ya tatu aliyekuja kutazama. Hata Marekani, ambako mwaka 1997 ilitungwa sheria ya kuwakinga wanaojitolea katika mashirika yasiyo ya faida, madhara ya kuendesha magari ambayo yanatakiwa kuwa na leseni au bima yaliachwa nje ya kinga hiyo.

Mambo ya kuuliza na ya kutenda

Ukienda kwa kampuni ya bima au wakala, uliza maswali haya matano na usiondoke bila jibu la maandishi. Je, nalindwa nikiwa ndani ya shamba la mtu mwingine, si barabarani tu? Je, mali ya watu imo, na kwa kiasi gani? Je, trela na mashine zinazofungwa nyuma zimo? Je, waliopanda na waliokuja kusaidia wamo? Je, mchango wa mafuta unabadilisha lolote?

Wakisema bima ya trekta haifiki huko, uliza kuhusu bima ya dhima kwa umma, ambayo unaweza kuichukua pamoja na bima ya shamba. Bei hutofautiana, kwa hivyo zungukia kampuni mbili tatu, na uhakikishe kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Malipo yawe yamefika kabla ya trekta kutoka. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi si bima.

Jambo la mwisho ni zito, kwa sababu linagusa utu wetu. Karibu kila mkataba wa bima ya dhima una sharti kwamba usikiri kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Nasi katika mila zetu, mtoto wa jirani akiumia, wazee huandamana usiku huo huo kwenda kuomba radhi na kutaja kitakacholipwa. Je, tufuate mila au tufuate hati?

Yote mawili yanawezekana. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, bila kungoja ruhusa ya mtu. Nenda nyumbani kwao, keti nao, sema pole, peleka sukari na unga. Hakuna hati inayokukataza kuwa mtu. Usichopaswa kufanya ni kuandika wala kutamka kwamba wewe ndiwe mkosa na utalipa kiasi fulani. Piga ripoti polisi, iarifu kampuni siku hiyo hiyo, piga picha za mahali, na uandike majina ya walioona. Ukipata barua ya wakili, usiiweke chini ya godoro. Kwa kawaida aliyeumia kwa uzembe wa mwingine ana miaka mitatu ya kufungua kesi, kwa hivyo kimya cha mwaka mmoja si msamaha.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yote yanaua ujirani. Mimi naona kinyume. Mtoto akivunjika mguu na hakuna bima, baba yake hana budi kuchagua kati ya urafiki wenu na matibabu ya mwanawe, na hakuna mzazi atakayechagua urafiki. Pakiwa na bima, anayedaiwa ni kampuni, mtoto anatibiwa, na nyinyi wawili mtaendelea kuombana chumvi. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mwenye trekta alete kinga yake, na mwenye shamba alete yake.

Basi leo jioni mpigie simu aliyeko nyumbani. Muulize mvua, muulize hali ya baba, halafu mwambie akusomee ile hati ya bima, hasa mstari wa matumizi. Mvua haitawangoja, lakini plau inaweza kungoja siku moja.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.